Misuko Tisa ya Duque

Ijumaa moja ya Machi 2017, Orpha, msusi, alishuka teksi mtaa wa Kensington saa tatu asubuhi, mkobani ana vitana vinne na taulo mbili, akakuta magari sita yameegeshwa nje ya nyumba ya mteja wake Dona Lurdes. Alidhani kuna sherehe. Dona Lurdes alimfungulia geti nusu, macho mekundu, akamwambia kuwa Duque alikufa jana alfajiri. Jioni yake wakamzika nyuma ya nyumba, na wale waliokuwa ndani wakinywa chai ni watu wa chama cha wafuga mbwa, wamekuja kutoa pole.

Orpha akauliza kwa nini yeye hakuitwa. Dona Lurdes alisema alichanganyikiwa, hakuweza kumkumbuka kila mtu. Kisha geti likafungwa.

Duque alikuwa mbwa wa Kiafghani, mrefu, nywele zake za rangi ya asali zikigusa sakafu. Alikuwa na vikombe kabati zima na pasipoti yake mwenyewe, yenye picha, iliyompeleka Lisbon na kumrudisha. Kwa miaka mitatu, kila Jumatano Orpha alimwogesha na kumsuka misuko tisa ili nywele zisichafuke, na kila Ijumaa alimfumua na kumchana tayari kwa mashindano ya Jumamosi. Wengine huwafunga mbwa wao nywele kwa karatasi na mipira. Orpha alijua kusuka, basi alisuka. Mbwa alimpenda bila kificho. Akisikia sauti yake getini aliacha chakula. Naye Orpha alimpenda, jambo ambalo kanisani kwao hakulisema hata siku moja, maana wangemcheka mpaka wachoke.

Saa tisa mchana wa Ijumaa hiyohiyo, saluni kwake mtaa wa Rosettenville, kucha zilisikika kwenye vigae. Duque aliingia, udongo umemganda mgongoni, misuko yote tisa imefungwa kama Orpha alivyoiacha Jumatano. Mteja aliyekuwa kwenye kikausha nywele aliinua miguu ampishe.

"Shoga, mbwa wako huyo," alisema Saida wa Tanga, aliyekodi kiti cha pili.

Saida hana ugomvi na mbwa, ila ana swala tano. Alimpigia simu shehe wake, akamweleza kuwa saluni imeingia mbwa aliyezikwa jana. Shehe akauliza kama ni mkavu au amelowa. Mkavu, alisema Saida. Shehe akasema hapo hakuna neno, ila awe mwangalifu siku za mvua. Saida akaweka kopo la udongo safi wa kujitwaharishia karibu na bomba, akaendelea kusuka.

Mbwa hakutulia. Alizunguka viti, akaenda mlangoni, akarudi, akazunguka tena, mpaka saa kumi na mbili alipotoka na kusimama kwenye robot, taa za barabarani, akingoja magari yapite. Jumamosi alirudi. Jumatatu vilevile. Orpha naye akaambukizwa. Alisimama, akakaa, akasimama. Alipasua mstari wa nywele ukaenda upogo, akamuunguza mteja sikio, na mikono yake ikawa haina pa kukaa. Jumanne Saida alichoka kuwatazama.

"Si umfumue? Unangoja nini?"

"Haiko mbwa yangu," alisema Orpha. "Na kwetu, mutu akikufa, nywele yake inafumuliwa na mutu wa damu yake. Hawamuziki na nywele ya kufungwa."

"Damu yake ipi, na baba yake yuko Ureno?"

Orpha akavuta kigoda, na Duque akaja mwenyewe akasimama mbele yake.

Alipofika msuko wa tatu alianza kusema, bila kumtazama Saida. Mwaka uliopita, mwezi wa sita, mama yake alifariki kwao Uvira. Yeye ndiye binti pekee. Shangazi zake walimngoja siku mbili, lakini karatasi yake ya ukimbizi inamruhusu kuishi hapa, haimruhusu kutoka na kurudi. Basi akamwomba Dona Lurdes ile Ijumaa moja tu, akae na watu wa kanisa kwenye matanga. Dona Lurdes alimpa pole sana, akamkumbusha kuwa Jumamosi kuna mashindano.

"Saa ile wanamuweka mama mu udongo, mimi niko Kensington ninafumua huyu," alisema. "Mama walimuzika na misuko yake."

Saida alizima redio. Orpha akafumua wa nne, wa tano, mpaka wa tisa, analia waziwazi na vidole havikosei. Msuko wa mwisho ulipoachia, Duque alijinyoosha chini ya kiti akalala. Ilikuwa mara ya kwanza kutulia tangu azikwe.

Alhamisi Dona Lurdes alifika na mkanda wa mbwa mkononi. Habari alizipata kwa muuza mikate Mreno wa ng'ambo ya barabara. Alimkagua Duque masikio na meno. Akasema nywele zimefumuliwa vizuri sana, na kwamba kanuni za chama zinataja umri na usajili, hazitaji mengine, na usajili wa Duque hauishi mpaka Desemba. Je, Orpha anaweza kumchana kesho?

Orpha alimchana. Alipomaliza akamwambia Dona Lurdes, kwa Kiingereza alichokiandaa tangu asubuhi, kuwa siku mama yake anazikwa yeye alikuwa akimhudumia mbwa huyu. Dona Lurdes akamshika bega. Kisha akauliza kama wiki ijayo anaweza kuanza saa mbili, kwa sababu mashindano yatakuwa mbali.

Duque alishika nafasi ya pili. Jaji aliandika kwamba mbwa ni mzuri ila amepungua uzito. Kwenye picha wapo Duque na Dona Lurdes.

Tangu hapo Duque anakuja mwenyewe saluni kila Jumatano kusukwa, na kila Ijumaa kufumuliwa. Akishafumuliwa, Orpha hapokei mteja tena siku hiyo. Anafuta kiti chake, anaweka taulo safi na kitana cha meno mapana, anabaki amesimama, mara mlangoni, mara dirishani. Wateja wenye haraka wanaenda kwa Saida. Saida alivumilia hivyo majuma matano ndipo akauliza kiti ni cha nani.

"Cha mama."

"Atafika?"

Orpha alimtazama Duque aliyelala chini ya kiti.

"Huyu alikuwa na pasipoti," alisema. "Mama hakukuwa nayo. Na toka Uvira mpaka hapa mipaka iko mingi."

Saida akasogeza meza yake ya mafuta karibu na ukuta, mtu mzima apate kupita.