Chini ya Goti

"Kifundoni," mama alisema. "Tuishie kifundoni, daktari, tusigombane."

Daktari alikuwa ameweka kiganja kwenye mguu wake mwenyewe, chini kidogo ya goti, kutuonyesha. Kidonda cha baba kilianzia kidoleni, sukari ikakipandisha, na sasa ili baba abaki hai mguu ulitakiwa kukatwa hapo. Aliyasema hayo taratibu, kwa adabu. Mama akamsikiliza kama anavyomsikiliza mwenye duka la jumla, kichwa upande, midomo kaibinua, tayari kushangaa.

"Hapo juu kote? Unaniumiza, daktari."

"Mama, si mimi ninayepanga."

"Kila mtu husema hivyo. Tukutane katikati."

Mama aliuza viatu vya mitumba kando ya barabara, na maisha yake yote hakuwahi kununua kitu kwa bei ya kwanza. Ukimwambia bei ya mwisho, aliuliza, "Na mwisho wa mwisho?" Wenye maduka walimwita Bi Punguza, wakanuna, kisha wakampunguzia. Mdomo ule ndio uliotusomesha. Baba mwenyewe, akiwa kitandani na homa, alikuwa amemwambia daktari, "Ongea na mama watoto. Akikubali, nimekubali." Mimi nilikuwa mtu mzima, mwanangu mgongoni, lakini kwetu mama akipatana bei hakuna anayepumua.

"Mama," nilithubutu, "hapa si sokoni."

"Nyamaza, unaniharibia."

Akasimama, akachukua mkoba wake. "Basi, daktari, asante. Ngoja tuzunguke kidogo."

Tukatoka. Aliishika korido polepole, kwa mwendo ninaoujua tangu utoto, mwendo wa mteja anayengoja kuitwa. Hugeuki nyuma. Hatua chache tu, na mwenye duka ataita, "Haya, rudi, lete hiyo uliyonayo." Miaka yote waliita. Tukapita benchi la wagonjwa, tukapita dirisha la dawa, tukafika getini. Mlinzi akatufungulia.

"Atapiga simu," mama alisema.

Nyumbani aliiweka simu mapajani. Kila ilipolia, walikuwa watu wanaotaka raba za watoto. Hospitali hakwenda, maana mteja anayerudi mwenyewe hapunguziwi tena. Akawa ananituma mimi na uji.

"Mama yako anasemaje?" baba aliuliza.

"Anasema bado."

"Basi bado," akasema, akafumba macho. Alivyokuwa akimwamini yule mwanamke! Iliniuma kuliko harufu ya kile kidonda.

Nikamfuata muuguzi, nikamsihi amwambie daktari ampigie mama simu, mara moja tu, aseme lolote. Angesema tu "haya, rudini tuongee", mama angekwenda mbio.

"Dada," alisema, "hapa hatubembelezi watu." Hakuwa mkali. Alikuwa na wodi nzima inayomwita.

Nilirudi nyumbani nikapiga magoti mbele ya mama, nikalia, nikamwambia mguu unabadilika rangi. Akanifuta machozi kwa kiganja chake. Akanionya nisilie hivyo mbele ya wale watu. Wakiona shida yetu, watapandisha.

Sasa nina wajukuu, na mpaka leo nikimsikia mtu sokoni akisema "punguza kidogo, mteja wako mimi", huweka chini nilichokishika, au hulipa nilichoambiwa. Wauzaji hunipenda sana.

Siku niliyomwambia mama kwamba baba hanitambui tena, ndiyo siku aliyovaa viatu vyake. Daktari alitukuta tumesimama mlangoni mwa wodi. Hakutulaumu, na afadhali angetulaumu. Aliweka tena kiganja kwenye mguu wake. Safari hii kilipita goti, kikapanda, kikatua katikati ya paja.

Mama alikitazama kile kiganja. Nilimwona anatafuta, midomo inacheza bila sauti. Nami, baada ya kumwomba anyamaze siku zote zile, nilitamani kwa moyo wangu wote apate la kusema.

"Sawa," alisema.

Daktari akangoja kidogo. Alikuwa ameshamjua, akadhani bado kuna neno. Halikuwapo.