Medali kwa Godoro

Asubuhi ya Siku ya Mashujaa Koleta alilishusha kopo la majani ya chai kutoka juu ya kabati, akaliona jepesi. Akalitikisa. Kimya. Alipolifungua alikuta kitambaa cheupe tu, kimekunjwa vizuri, ndani yake hamna kitu.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Uani kila kitu kilikuwa tayari: maji kwenye bakuli, majivu ya kusugulia, unga wa mtama. Tangu jeshi lilipomletea medali ya marehemu mumewe, Shilinde, hakuwahi kuruka mwaka. Tarehe hiyo huisugua medali, huilaza juu ya jiwe nyuma ya nyumba, huimwagia unga uliokorogwa na maji, kisha humwita mumewe kwa jina. Padri anajua. Padri mwenyewe Mnyamwezi, hajawahi kumuuliza.

Maana Shilinde hana kaburi Tabora. Alikwenda vita vya Kagera akiwa kijana, akazikwa hukohuko, na wa kwao hawakuletewa hata gao la udongo. Katika ukoo huo mtu aliyelala ugenini huitwa nyumbani kwa kitu chake: jembe, upinde, shati lenye jasho lake. Asipoitwa hubaki huko aliko, na kiu yake. Lakini jembe la Shilinde kaka zake walikwisha kulibeba, na mashati yaliliwa na mchwa. Ikabaki medali. Wazee walibishana kutwa nzima: mtu ataitwaje kwa kitu ambacho hakukigusa hata siku moja? Shangazi wa marehemu ndiye aliyewanyamazisha. "Kimelipiwa damu yake," alisema. "Kitakosaje kuwa chake?"

"Julieth!"

Julieth, mke wa mjukuu wake, alisimama mlangoni na mikono yenye povu la sabuni. Siku zote bibi humwita mke mwenza, kwa utani wa bibi na wajukuu. Leo ameitwa kwa jina. Alijua kuna jambo.

"Babu yenu yuko wapi?"

Julieth alilitazama kopo. "Nimeipeleka dukani, bibi. Jana. Wamesema wanarudisha."

"Dukani? Akafanye nini dukani?"

Ndipo yakatoka. Duka kubwa la fanicha kule mjini limetundika bango refu kuliko mlango wake: LETA MEDALI YA SHUJAA WAKO, ONDOKA NA GODORO NUSU BEI. Julieth, ambaye kila alfajiri humsikia bibi akiugulia juu ya sponji lililokwisha kama kitumbua cha jana, aliona Mungu amefungua njia. Alitaka kumshtukiza kwa furaha. Yeye kwao ni Nzega, na wafu wao wote wamelala nyuma ya zizi, wanapitiwa kila siku na ng'ombe. Hakuna aliyewahi kuitwa kwa kitu. Mwaka jana alimwona bibi akisugua medali, akadhani ni usafi.

"Godoro linaletwa leo, bibi," alisema.

Koleta hakumkaripia. Angemkaripia ingekuwa nafuu. Alijifunga khanga, akasema, "Ita bajaji."

Mbele ya duka spika mbili zilikuwa zimepangwa juu ya meza za kuuza. Kijana mmoja mwenye kipaza sauti aliwataka wapita njia wasimame dakika moja kuwakumbuka mashujaa. Akapiga tarumbeta ya maombolezo iliyorekodiwa, ile inayopigwa kwenye mnara wa mashujaa huku wazee wakilia. Watu wa bodaboda wakavua helmeti. Dakika haikufika nusu, muziki wa singeli ukaingia juu ya tarumbeta, na kijana akaruka: "Shujaa halali chini, wadau! Sofa zipo, makabati yapo!"

Haya, tuseme ukweli. Mji huu ulikua kwa migongo ya watu. Meno ya tembo hayakutembea yenyewe hadi pwani. Yalibebwa na Wanyamwezi, na aliyeanguka njiani mzigo wake ulihamia kwa mwenzake, yeye akaachiwa fisi. Wakaja Wajerumani na vita vyao, wakawabebesha wajukuu masanduku ya risasi. Wakaja Wabelgiji, mzigo uleule. Nani alijenga hata kichuguu kuwakumbuka? Wa Kagera angalau walipewa kipande cha chuma chenye utepe. Na hicho nacho, tazama, kimepatiwa kazi ya kubeba magodoro.

Msimamizi wa duka, Sabiri, kijana nadhifu, aliwapokea kwa heshima zote.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nipe mume wangu."

Sabiri alicheka, akamtazama Julieth amsaidie, asisaidiwe. "Aa, medali! Bibi, ziko kwenye maonyesho mpaka Jumapili. Tunawaenzi. Njoo uone palivyopendeza."

Kwenye kabati la kioo, juu ya kitambaa chekundu, medali zilikuwa zimelala mstari mmoja. Kila moja ilikuwa na utepe mpya wa njano, na juu ya utepe jina la duka.

"Utepe wake uko wapi?" Koleta aliuliza. Ule wa zamani alikuwa ameushona mwenyewe ulipochanika, kwa uzi wa buluu alioufumua kwenye kitenge chake cha harusi.

"Zile za zamani zilichakaa, bibi, zikawa zinaharibu picha. Tukazitupa, tukaweka zinazofanana."

"Sasa yangu ni ipi?"

Sabiri aliinama akazitazama, kwanza upesi, halafu polepole. "Jina lako tunalo kwenye risiti," alisema. "Lakini medali yenyewe haina jina. Bibi, zote si ni sawa tu?"

Alisema kwa upole, akimfariji. Hilo ndilo lililomkata Koleta maini.

Nyuma yao sauti ikapaa: "Na wewe wamekuuzia mumeo, Koleta?"

Alikuwa Batuli, mjane mwenzake. Huketi pamoja kila mwaka mnarani. Kwake aliyeleta medali alikuwa mkwewe, akakataa godoro, akaondoka na meza ya televisheni.

"Wameniuzia, dada."

"We kijana," Batuli alimgeukia Sabiri, "babu yako akifa utuambie. Tutamleta hapa tupate kabati la vyombo."

Watu wakaangua kicheko, simu zikainuliwa, na Sabiri, alipoona anarekodiwa, akafungua kioo upesi na kuagiza singeli izimwe. Habari zilikwisha kuzunguka. Wengine nao walikuwa wanaingia kudai. Mzee mmoja wa fimbo alichukua ya mwanzo iliyomkaribia. "Vita ilikuwa moja," alisema, akaitia mfukoni, akaondoka bila kutazama nyuma. Wengine wakachukua kwa kukisia. Mmoja alilia, akaacha.

Koleta aliziinua moja moja, akizifumba kiganjani na macho yake yamefumbwa. Alidhani mkono utajua. Mkono umeisugua kwa majivu miaka yote hiyo, utakosaje kujua? Lakini na wenzake nao husugua kwa majivu. Zote zilikuwa laini vilevile, baridi vilevile. Mkono haukujua kitu.

Zilibaki mbili, na wanawake wawili.

"Chukua, Koleta. Jua linapanda."

"Nikimchukua wako?"

"Na mimi nikimchukua wako?" Batuli alipangusa pua kwa ncha ya mtandio. "Basi uzeeni tumebadilishana waume. Na huenda hata hao si wetu. Mungu atusamehe."

Alicheka peke yake, kidogo, kisha kicheko kikageuka. Wakashikana mikono mbele ya makabati yenye bei zake, wakalia kama walivyolia mwaka ule lori la jeshi lilipokuja.

Nyumbani godoro lilikuwa limefika, limesimamishwa barazani ndani ya nailoni yake. Walilipita. Julieth alikwenda moja kwa moja kukoroga unga, akauleta kwa magoti. Koleta aliung'oa utepe wa njano kwa meno, akasugua medali kwa majivu, akailaza juu ya jiwe. Akafungua mdomo amwite Shilinde.

Jina halikutoka.

"Mwite tu, bibi," Julieth alinong'ona. "Atasikia."

"Akiitika mwingine? Mtu ametoka mbali na kiu yake, nimwite kwa jina la mwenzake? Wewe ungeitika?"

Upepo wa Julai ulipitisha vumbi juu ya ukuta. Koleta alikishika kibuyu cha unga kikiwa kimeinama, ukimdondokea miguuni. Mwishowe akamwaga, taratibu, mpaka medali yote ikawa nyeupe.

"Wewe uliyemo humu," alisema, "sikujui. Sijui kwenu ni Urambo, Sikonge, au kule Igunga. Mimi naitwa Koleta. Umefika kwa watu. Kunywa, baba, usione haya. Na kama mkeo leo amemshika wangu, mwambie amwite kwa sauti kubwa. Sikio lake la kushoto halikuwa likisikia vizuri."