Majani Yenye Kovu

Fundi cherehani alikuwa akimwagilia mnyanya wake mlangoni, kwenye debe, kabla ya kuanza kazi, alipoona kwamba kila jani jipya lina alama ya dole gumba. Alidhani ni ugonjwa, akanyunyizia majivu. Kesho yake alama zilikuwa zimekolea: mistari myembamba ya ngozi, na katikati kovu lililopinda. Kovu hilo alilijua. Marehemu mumewe, seremala, alikatwa dole na msumeno kabla hawajaoana.

Fundi alianza kwa kumshuku shemeji yake, mdogo wa marehemu. Wiki tatu baada ya maziko alikuwa ameleta karatasi iliyosema kaka yake alimwachia nyumba akiwa kitandani hospitalini. Chini palikuwa na dole gumba la wino. Fundi alimuuliza kwa nini mtu aliyejua kuandika aliweka dole. Shemeji alisema mkono ulikuwa umelegea. Tangu hapo mwanamke yule hakunywa tena chai aliyomiminiwa na shemeji, na sasa hata mnyanya akauingiza chumbani, usije ukachezewa. Ukazidi kutoa majani yenye kovu.

Binti yake alitaka kujua kama huo ni muujiza.

"Sijui, mwanangu. Mbegu niliifukia nikaiamini bila kuiona. Mimi namwagilia tu. Kuota si kazi yangu."

Alichuma majani matatu, akayapeleka kwa katibu wa mtaa, ambaye muhuri wake ulikuwa kwenye ile karatasi. Katibu alivaa miwani, akalinganisha taratibu. Alikubali kwamba dole la kwenye jani ni la marehemu, kwani kovu lile naye alilijua. Alikubali pia kwamba la kwenye karatasi halina kovu. Lakini jani hunyauka, alisema, na ofisi haiweki kwenye faili kitu kinachonyauka. Akampa hadi mwisho wa mwezi awe amehama.

Mama na binti walihamia chumba cha kupanga. Njiani, juu ya mkokoteni, shina la mnyanya lilivunjika. Fundi alilifunga kwa kipande cha kitambaa, akauombea kama anavyoombewa mgonjwa, akamwagilia kijiti kikavu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili kikachipua majani, kovu likiwemo.

Habari zilimfikia shemeji. Akaja, akasema hayo ni mambo ya mbegu tu, yangeweza kumtokea yeyote, akaomba mche. Fundi alimkagua uso akitafuta hila, akaiona, akampa mche hata hivyo.

"Umwagilie asubuhi, shemeji."

Majuma matano baadaye alikwenda kwenye ile nyumba kuchukua kioo chake cha kupimia nguo. Mche ulikuwa umestawi barazani. Kila jani lilikuwa na dole gumba pana, lisilo na kovu, lilelile la kwenye karatasi. Shemeji alikuwa akiyachuma, kwa dole hilohilo, na kuyatia mfukoni kama mtu aliyekwisha kuzoea. Katibu wa mtaa alikuwa ameketi pembeni na kikombe cha chai. Aliusifu udongo. Shemeji alipomuuliza kama naye angependa mche, katibu alisema hapana, asante, akaweka kikombe chini na kukunja vidole vyake ndani ya viganja.