Anuar Anakimbia

Vumbi la chokaa, vumbi la kuta za nyumba yetu ya Mkunazini, lilishuka kimya kimya likaingia ndani ya mashine yako ya gemu, Anuar, ndugu yangu, kitinda mimba wa mama. Likaingia, likagandishwa na unyevu wa chumvi, na asubuhi moja mashine haikuwaka.

Hukulia. Uliisukuma mashine kwangu. Selimundu, maradhi ya damu uliyozaliwa nayo, ilikunyima kiwanja tangu utotoni: ukikimbia, mifupa inawaka moto, ukirowa mvua, unalazwa. Mpira wako ulikuwa ndani ya kioo, na kioo kimekuwa cheusi.

"Ntaifufua," nikakwambia.

Nilikuwa na laptop kuukuu, nzito kama kinu. Nikaifuta yote, nikaitilia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta. Nikapakua emuleta, ile programu inayoiga mashine ya gemu hata kompyuta ikajiona ndiyo yenyewe. Nikanakili gemu kutoka kwenye diski yako iliyochubuka. Ikasoma, ikakwama, ikasoma.

"Bado, Da Tahiya?" uliuliza kutoka kitandani.

"Bado kidogo."

Picha ikaja bila sauti. Sauti ikaja, picha ikakatikakatika. Padi, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, nayo ikagoma: kompyuta haikuwa na idhini ya kuisoma. Nikaandika amri, nikakosea herufi, nikaandika tena. Maumivu yakikushuka mabegani, yakikushuka mikononi, na macho yangu mimi yalikuwa kwenye kioo.

"Bado?"

"Bado kidogo, mdogo wangu. Bado kidogo."

Ijumaa alasiri ikakubali. Uwanja ukafunguka, kijani kibichi, mashabiki wakanguruma chumbani mwetu. Nikakuwekea padi mkononi. Vidole havikukunjika.

"Cheza wewe," ulisema. "Mimi nnatazama."

Nikacheza. Nikafungwa, nikafungwa tena. Ulicheka, ukashika kifua, ukacheka. "Pasi, dada! Toa pasi! Kwani uko peke yako humo?"

Haikwisha wiki, wanaume wakakubeba kwenda makaburini Mwanakwerekwe. Sisi wanawake tukabaki na mikeka, na udi, na kitanda chako.

Khitma, kisomo cha kukurehemu, ikapita, majirani wakarudi makwao. Mama yetu, Bi Mize, akaingia chumbani mwako, akakaa ukingoni mwa kitanda. Hajapata kuligusa gemu maishani mwake.

"Washa," aliniambia.

Nikawasha.

"Yeye alikuwa yupi?"

Nikamwonyesha: yule mwembamba wa pembeni, mwenye jezi nyekundu, uliyempa jina lako.

Mama akachukua padi, akaipakata kama mtoto mchanga. "Cha kukimbia kipi?"

Nikakishika kidole chake, nikakiweka juu ya kitufe. Akabonyeza. Na wewe, Anuar, ukachomoka, ukaukata uwanja, miguu miepesi, mifupa haina neno, pumzi haina neno.

"Mama, mpira umeuacha nyuma," nikasema.

"Mwache akimbie," alisema, machozi yakimdondoka mikononi, wala kitufe hakukiachia.