Nakala ya Glenys

Sebuleni kwa Neville Ogden, kule Oldham, kulikuwa na rafu nzima ya santuri, na zote zilikuwa santuri ileile. Ni Injini ya Kipupwe, albamu ya pili ya bendi ya Tin Lantern, ya mwaka 1971. Alikuwa na ya Uingereza, ya Ujerumani, ya Japani yenye utepe wake wa karatasi, na ile nzito ya kisasa ambayo muuzaji alimwapia kwamba akiisikiliza atadhani mpiga gitaa amemkalia mapajani. Neville aliisikiliza mara moja tu, akasema mpiga gitaa huyo ana mafua.

Msimcheke. Kila mtu ana wazimu wake, na wa Neville haukumdhuru mtu. Alichokisaka ni chapa ya kwanza kabisa, iliyotoka kabla mitambo ya kiwanda haijachoka, yenye herufi mbili zilizokwaruzwa kwa mkono karibu na lebo. Nakala za namna hiyo alikwisha kuziona. Taabu ni kwamba wenyewe walizipenda kupita kiasi: zilipigwa kwenye karamu, zikamwagiwa bia, sindano butu zikazilima kama shamba. Kwa hiyo yeye na wenzake wa mnada wa Jumamosi walikuwa na dua yao ya ajabu, wapate nyumba ambamo mtu alizawadiwa santuri hiyo akaichukia.

Mkewe, Glenys, hakuwahi kumnung'unikia. Albamu ile ilikuwa yao wote wawili. Neville alimpa nakala moja walipokuwa wachumba, na alipomuuliza ameionaje, binti akajibu kwamba ameipiga mpaka sindano imeomba likizo. Siku hiyohiyo Neville akaamua kuwa huyu ndiye mke. Kisa hicho alikisimulia hata kwenye harusi za watu wengine. Nakala yenyewe ilipotea walipohama, au ndivyo alivyodhani.

Mama yake Glenys alipofariki, wakaenda kuhamisha vitu vyake. Glenys alibaki chini akifunga vyombo kwa magazeti, Neville akapanda juu kupekua kabati. Nyuma ya mablanketi akaiona. Jalada lilikuwa hoi: pembe zimelika, mgongo umechanika, picha imefifia upande mmoja. Ndani yake kulikuwa na mwandiko wake wa ujanani, "Kwa Glenys, sikiliza kwa sauti ya juu." Akakata tamaa hata kabla hajaitoa santuri yenyewe.

Akaivuta, akaipeleka dirishani. Iling'aa kama imetoka kiwandani asubuhi ile. Herufi mbili zilikuwepo. Akatazama lebo kandokando ya tundu, mahali ambapo mtu akiweka santuri kwenye mashine huacha vistari vyembamba. Hapakuwa na kistari hata kimoja, upande huu wala upande ule.

Furaha ikamkauka hapohapo. Santuri hii haikuwahi kugusa mashine. Ile nyumba aliyokuwa akiiombea, ya mtu aliyechukia zawadi yake, ndiyo hii. Akaketi kwenye kitanda cha mama mkwe. Jumapili zote zile alizomkalisha Glenys sebuleni, akimwambia sikiliza besi hiyo, naye akiitikia kwa kichwa, kumbe alikuwa akimvumilia tu? Lilimuuma, tena sana, mzee mzima mwenye wajukuu.

Akashuka, akasimama kwenye mlango wa jikoni na santuri mkononi.

"Hukuipiga hata siku moja," alisema.

"Loo, kumbe mama aliitunza."

"Nakuuliza, Glenys."

"Hujauliza, umeshtaki." Akaweka kikombe chini. "Ningeipigia wapi? Kwenye jiko la gesi?"

"Si mlikuwa na gramafoni?"

"Nani kakwambia? Baba alikuwa anafanya zamu za usiku, mchana analala. Humu ndani hata kukohoa tulikohoa kwa ruhusa. Wewe utajuaje, wakati baba hakukuruhusu kuvuka mlango?"

"Lakini uliniambia umeipiga mpaka sindano..."

"Nilikuwa msichana mdogo, Nev. Na wewe umenisimamia pale kituo cha basi, umenikodolea macho kama mbwa anayengoja mfupa. Ulitaka nikujibu nini?"

Neville akaliinua jalada. "Sasa hili limechakaaje hivi, kama santuri haikutoka?"

Glenys akacheka, uso ukamwiva.

"Hilo ndilo lilikuwa linatoka. Wasichana waliokuwa na wachumba walikuwa wanabeba santuri kwapani, kila mtu aone. Yangu niliogopa itavunjika, nikamwachia mama aifiche kwenye foronya. Mimi nikazunguka mji mzima na jalada tupu. Kwenye basi, kiwandani, kantini, mpaka kwenye mvua. Watu wajue kwamba nina mtu. Nilipoolewa, jalada nalo nikamwachia mama."

Neville alilitazama lile jalada. Kule mnadani angelipatia alama ya chini kabisa bila kufikiri mara mbili. Akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Na muziki wenyewe?" aliuliza mwishowe. "Sema kweli."

"Upande wa kwanza naupenda. Upande wa pili yule mpiga ngoma hajui kunyamaza. Ila pale nyumbani siusikii vizuri."

"Husikii vizuri vipi? Mashine ile mimi..."

"Kiti, Neville. Kiti cha maana ni kimoja, pale katikati ya spika, na umekikalia wewe tangu tuhamie. Mimi kwenye kochi nasikia gitaa moja na friji."

Ilikuwa kweli.

Walipofika nyumbani alimkalisha Glenys kwenye kiti kile, akakivuta mbele kidogo kwa kuwa mkewe ni mfupi. Akaifuta santuri taratibu, akateremsha sindano, kisha akaenda kukaa kwenye kochi. Kutoka pale alisikia gitaa moja na, kwa kweli, friji. Ile sauti aliyoitafuta maisha yake yote ilikuwa ikipita mita mbili kutoka masikioni mwake, naye alitamani sana kuinuka. Hakuinuka. Alikaa akimtazama mkewe.

Wimbo wa tatu ulipoanza, Glenys alifumba macho.

"Nev," alisema, "kuna mtu anaimba kwa mbali kule nyuma."

Habari za sauti ile Neville alikwisha kumweleza Jumapili nyingi mpaka ulimi ukamkauka.

"Wapi?" akauliza.