Moshi Ndani ya Figo

Jumanne saa mbili asubuhi, Dokta Kaswera alifuta kioo chenye kipande cha figo cha mgonjwa wake Arlette, akaomba kwa ufupi kama kila siku, akakiingiza kwenye mashine ya hadubini. Alipoanza kazi hii, vipande vilipelekwa Kampala kwa basi na majibu yalichukua mwezi mzima. Sasa mashine ilipiga picha, na mabingwa wa ng'ambo waliiona kwa mtandao pamoja naye, yeye akiwa Bunia, mashariki mwa Kongo.

Alipoikuza mara arobaini, aliona seli zilizoharibika. Alipoikuza mara themanini, aliona nyumba yenye jiko la mbao, na mwanaume akichoma dhahabu iliyochanganywa na zebaki. Moshi uliingia jikoni. Nyumba hiyohiyo ilikuwa imeonekana kwenye figo za wagonjwa wengine wanne mwezi uliopita. Mabingwa waliandika kwamba picha ni safi sana.

Kaswera alimwita Arlette, aliyekuwa akingoja kwenye benchi na mtoto mgongoni.

"Mama, unajua hapa?"

Arlette alisogea karibu. "Ni kwa patron, Papa Gaspard. Mimi njo napikaka pale. Angalia, niliacha sufuria ya sombe bila kufunika!"

"Ule moshi njo inakuua. Mutoto naye anaivuta. Usirudi pale."

"Docta, weye utanipa kazi?"

Kaswera aliandika ripoti: sumu ya zebaki, chanzo ni kwa Gaspard. Ripoti ilirudi kutoka kwa daktari mkuu ikiwa na muhuri, bila mstari wa chanzo. Akaandika upya. Ikarudi vilevile. Alianza kubadilisha neno la siri la kompyuta kila asubuhi, na kufunga mlango hata akienda chooni. Aliamini kuna mtu anayempelekea Gaspard habari; aliwashuku mabingwa, kisha sekretari, kisha Arlette mwenyewe. Aliombea shaka hiyo imtoke. Haikumtoka.

Alhamisi ya wiki iliyofuata Papa Gaspard alifika bila kuitwa. Ndiye aliyeinunulia hospitali mashine ile. Aliketi, akaomba kuona.

"Nani alikuambia, Papa?"

"Eh, mama docta, hospitali iko na watu." Alivaa miwani, akainama. "Kumbe ukuta yangu iko mufupi hivi? Kila mutu anachungulia!"

"Papa, wapishi wako wanakufa."

"Tutawaombea," alisema Gaspard, na alionekana kumaanisha.

Ijumaa Arlette alirudi kazini.

Miezi miwili baadaye kililetwa kipande cha figo cha mtoto wake. Kaswera alikifuta kioo, akaomba, safari hii kwa muda mrefu kidogo, akakuza picha. Palikuwa na ukuta mpya wa matofali, mrefu kuliko ule wa kwanza, na moshi juu yake. Jiko halikuonekana, wala mtu, kwa hiyo hakuviandika, wala chanzo. Aliupima ukuta kwa kipimo cha mashine: mikromita tisini. Aliandika hivyo, akatia sahihi.

Ripoti ilirudi jioni ileile ikiwa na muhuri. Aliisoma mara mbili, mstari kwa mstari. Hakuna kilichopungua.