Mpini wa Odeta

Saa tatu asubuhi Odeta aliweka kidole gumba kwenye mashine ya mbolea ya ruzuku kwa mara ya saba, na mashine ikamkataa kwa mara ya saba. Ilikuwa wiki ya pili ya Januari, kwenye ghala la wakala pale Magamba. Mahindi yake eka mbili yalikuwa yamefika magotini na yameanza kugeuka njano. Yasipopata urea wiki hiyo, basi tena, na wajukuu wanne wangekula nini hadi msimu mwingine, hakuna aliyejua.

Nestori, karani wa mashine, hakuwa mtu mbaya. Alimpa kitambaa chenye maji ajifute, akamwambia ajaribu cha kushoto, kisha cha kati, kisha akamwomba radhi. Mwaka Odeta alipopewa cheti cha uraia na kuacha kuitwa mkimbizi, vidole hivyohivyo vilisomeka mara moja. Tangu hapo alikuwa amelima misimu kumi na mitano ya tumbaku na mahindi, na sasa ncha zake zilikuwa laini kama mgongo wa kijiko.

Nyuma yake alisimama Rénovat, mwenye nyumba ya wageni mjini Mpanda, aliyejiandikisha kuwa ana eka arobaini. Jembe alilijua kwa kuliona dukani. Alibonyeza mara moja tu, mashine ikaitika, mifuko arobaini ikapakiwa kwenye Fuso. Kabla hajaondoka aliuza mitano pale nje ya geti, bei mara mbili, kwa waliokataliwa. Odeta hakuwa na hela hiyo.

Alirudi nyumbani moyo umemvunjika, akaingia shambani kupalilia, maana magugu nayo hayana huruma. Mkwe wake Aurélie alipompokea jembe ili apumzike, alihisi mpini unakwaruza. Akauinua machoni.

"Mama," alisema, "vidole vyako viko huku."

Kweli vilikuwepo. Mpini ule wa mninga Odeta alipewa na mama yake siku ya harusi kule Katumba, maana kwao bibi harusi haondoki bila jembe. Chuma kilishabadilishwa mara nne, mpini haujawahi. Pale mkono wa kulia unaposhika, mistari yote ilikuwa imehamia: ya gumba, ya shahada, ya cha kati, hata na kovu la kisu cha tumbaku. Odeta aliona haya kidogo, kama mtu aliyepekua nyumba nzima kutafuta kitenge alichojifunga. Akaugonga mpini ukatoka kwenye chuma, akaita bodaboda.

Nestori aliuliza kama mpini ni wake mwenyewe. Odeta akasema ni wake. Akaulaza juu ya kioo, penye gumba, mashine ikaitika. Likatokea jina lake, kijiji chake, eka mbili, mifuko miwili ya urea.

"Umesomeka, mama. Ila usilimie tena huu mpini. Alama zikifutika na hapa, sina la kukusaidia."

Jamani, Odeta alicheka. Alicheka mpaka akakaa juu ya mifuko yake, na mgongo uliokuwa umemkaza tangu asubuhi ukaachia.

Ijumaa foleni nzima ilikuwa imebeba mipini isiyo na majembe. Nestori alibandika karatasi mlangoni: mkulima aje na mpini wake. Rénovat alikuja na gumba lake, akapitia dirisha la pembeni lisilo na foleni, akapakia Fuso ya pili, kwa kuwa alikuwa amekumbuka eka nyingine thelathini.

Odeta hakuwepo kumwona. Alikuwa shambani na Aurélie wakiweka urea, kifuniko kimoja cha soda kila shina, rasharasha ikiwanyeshea, na moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Wajukuu wangekula.

Mwisho wa mstari Aurélie alijipangusa mkono, akamnyooshea gumba lake alitazame. Odeta alilishika, akaligeuza kwenye mwanga, akahesabu kimoyomoyo.

"Bado una misimu kama sita," alimwambia. "Chagua mpini mzuri mapema."

Wakachota urea nyingine, wakaingia mstari uliofuata.